Seva ya Tisa

Dar es Salaam, 8 Aprili 2025

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Natumaini Idi imewapita salama huko milimani.

Mimi naitwa Mwanasha, fundi wa kampuni iliyopewa kazi ya kuhamisha mifumo ya chuo chenu cha kilimo kutoka kwenye seva zilizopo hapo Lushoto kwenda kwenye wingu, yaani mitambo ya kukodi iliyoko mbali na hapo. Nimeambiwa wewe ndiye msimamizi wa kompyuta za chuo, kwa hiyo mwezi huu tutasumbuana sana.

Orodha yako ya seva nane nimeipokea: matokeo ya wanafunzi, mishahara, maktaba na nyinginezo. Asante, umeiandika vizuri. Tatizo ni kwamba nilipozipigia hodi kwa mtandao kutoka huku, ziliitika tisa. Hiyo ya tisa haina jina. Inaitika upesi, halafu inanyamaza.

Naomba uniambie ni kitu gani. Mkuu wa Chuo ameshaamua kwamba mwisho wa mwezi umeme wa seva unakatwa na chumba zilimo kinageuzwa ofisi. Mashine isiyokuwemo kwenye orodha haitahamishwa. Itazimwa tu.

Mdogo wako,
Mwanasha


Lushoto, 10 Aprili 2025

Dada Mwanasha,

Marahaba. Idi ilikuwa njema, ila mvua ilitunyeshea uwanjani imamu akiwa katikati ya hotuba.

Seva ni nane. Nimekuwa na chumba hicho tangu kilipopakwa rangi ya kwanza. Kungekuwa na ya tisa ningeijua. Huenda umeona mashine ya kuchapia ya ofisi ya uhasibu. Ile ina tabia ya kuitika isikoitwa.

Nasikia unataka kupanda uje uhakiki mwenyewe. Sikushauri. Barabara ya kutoka Mombo inaporomokewa na udongo kila wiki, na ukifika utakuta yaleyale niliyokuandikia. Andika nane, dada, umalize kazi yako kwa amani.

Idrisa


Lushoto, 14 Aprili 2025

Bosi Benjamini,

Nimefika kama ulivyoniagiza. Tulisimama njiani mara mbili kupisha greda lisukume matope. Huku baridi, na mvua hainyeshi kwa kelele kama ya Dar; inakaa tu, kama mgeni aliyekuja na begi.

Kaka Idrisa amenipokea kwa heshima zote. Ni mtu wa makamo, mpole, anajua kazi. Seva nane nimezishika kwa mkono na zote ni sawa. Lakini juu ya dari kuna waya wa bluu ambao haushuki kwenye yoyote. Niliufuata ukanitoa nje, ukaniingiza korido ya nyuma, ukapotelea kwenye ukuta wa chumba kilichofungwa kwa kufuli kubwa.

"Hapa ni nini?" nikamuuliza.

"Ghala la mbegu. Ufunguo anao mtunza ghala, na yuko likizo."

"Mbegu nazo zinatumia mtandao?"

Akacheka kidogo. "Waya wa zamani huo, dada. Haujashika kitu."

Aliposogea kupokea simu niliweka sikio mlangoni. Feni ilikuwa inazunguka ndani. Yeye alikuwa anaongea Kishambaa, upesi upesi, akinipa mgongo. Nilichokamata ni "seva" na "Dasalamu" tu. Alipokata simu akasema twende tukale, chakula kinapoa.

Unamkumbuka yule jamaa wa mwaka jana aliyekuwa anachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wa mwajiri wake? Naona kama ndiyo hadithi ileile. Ila jambo moja linanisumbua. Viatu vyake vimeisha soli kabisa. Mtu mwenye pesa za siri havai viatu vile.

Mwanasha


Dar es Salaam, 15 Aprili 2025

Mwanasha,

Viatu si ushahidi.

Mwandikie Mkuu wa Chuo leo hii. Mlango ufunguliwe mbele yake, mashine izimwe, diski uzichomoe uje nazo tuzikague hapa ofisini. Usizungumze na huyo bwana mpaka kazi imekwisha.

Benjamini


Lushoto, 22 Aprili 2025

Mwanasha,

Hukuniaga ulipoondoka, nami leo sikusalimii.

Ulikaa kwenye gari la Mkuu, diski umezipakata, ukaangalia pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama getini na barua ya kusimamishwa kazi mkononi. Ulidhani nimeiba nini?

Ile mashine ni ya mvua. Palikuwa na mradi wa kuzuia maafa, ukafunga vipimo sita vya mvua kwenye miteremko, kuanzia juu ya Lukozi mpaka Kwemhongo, kitongoji anachoishi dada yangu Hadija. Kila kipimo kinatuma taarifa kwa laini ya simu. Mvua ikizidi kiasi ambacho udongo unaweza kukibeba, mashine inawatumia ujumbe watu walio chini ya mteremko huo: tokeni, nendeni mahali pa juu. Mradi uliisha, wafadhili wakaenda zao, lakini mvua haikusikia kwamba mradi umeisha.

Mwaka juzi ilitoa onyo Kwemhongo. Watu wakalala shuleni kwenye sakafu, na baridi unaijua. Hakuna kilichoanguka. Bibi mmoja akaugua kifua na akafariki wiki ile. Ndugu zake walikuja chuoni na hasira. Mkuu wetu, Mama Shamsa, akaniamuru nizime. Alisema chuo hakiwezi kubebeshwa lawama za mawingu. Sikumwona mbaya. Niliitika "ndiyo, mama," halafu nikaihamishia ghala la mbegu.

Nilikudanganya kwa sababu ukijua wewe, atajua na yeye. Uongo huo ni wangu na adhabu yake naibeba. Lakini diski nirudishie. Mpe kondakta wa basi la Lushoto, mimi nitazichukua stendi. Udongo huku umeshashiba, na masika bado hayajafika kileleni.

Idrisa


Dar es Salaam, 23 Aprili 2025

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Usipoitika nitaelewa.

Barua yako imenikuta nimeshazifungua. Nilikuwa natafuta wizi, nimekuta mvua. Mvua tupu, ya miaka, kituo kwa kituo. Nimekaa kuitazama mpaka chai ikapoa.

Kwa nini hukuniambia pale mlangoni? Nimejiuliza usiku kucha, na jibu nimelipata mwenyewe: uliniona ni mtu wa kwenda kusema. Na kweli, siku ileile nilikwenda kusema.

Leo namwomba bosi ruhusa ya kuzirudisha.

Mwanasha


Dar es Salaam, 24 Aprili 2025

Mwanasha,

Nakujibu kwa maandishi ili isije kuonekana hatukuelewana. Hapana.

Diski ni mali ya chuo. Zitarudi Mkuu wa Chuo atakapoziomba kwa maandishi, na yeye yuko safarini mpaka mwezi ujao. Na fikiri: tukiiwasha sisi, watu wakakimbia bure, mtu akavunjika mguu gizani, litaandikwa jina la nani? La kampuni yetu. Yule bibi aliyefariki ndugu zake bado wapo.

Umeajiriwa kuhesabu seva, hukuajiriwa kutabiri mvua.

Benjamini


Dar es Salaam, 25 Aprili 2025

Kaka Idrisa,

Shikamoo.

Diski nimenyimwa. Lakini nilikuwa nimeshanakili kila kilichomo, na jana nimeipandisha seva yako kwenye wingu, kwa jina langu mimi, si la kampuni. Bosi hajui. Inafanya kazi kama ilivyokuwa ghalani, ila sasa haihitaji ghala wala umeme wa chuo.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulifanya nikiwa huku. Vipimo vyako vinaendelea kutuma taarifa kwenye anwani ya mashine iliyokufa. Anwani mpya lazima iingizwe kwa mkono, kimoja kimoja, mtu akiwa amesimama palepale. Nimekuandikia maelekezo hapo chini. Kwako yatakuwa mepesi.

Najua umesimamishwa kazi na hulazimiki. Najua pia nani alikufikisha hapo. Lakini utabiri wa wiki ijayo nimeuona, nao si mzuri.

Mwanasha


Lukozi, 28 Aprili 2025

Mwanasha,

Marahaba. Nimekuitikia shikamoo zako zote mbili pamoja.

Naandika kwa simu, nimejibanza kwenye kibanda cha viazi hapa sokoni. Nassir wa bodaboda amenizungusha siku tatu, na leo pikipiki imetushinda tukaisukuma zaidi ya tulivyoipanda. Vipimo vitano vimekubali anwani yako. Viangalie kama vinasema.

Kimebaki cha Kwemhongo. Daraja la miti la kwenda huko limechukuliwa na maji. Kesho alfajiri nazungukia kwa juu, msituni, kwa miguu. Huko simu haishiki mpaka ufike kitongojini kwenyewe, kwa hiyo usishangae nikipotea.

Nimempigia Hadija nikamwambia ahame na watoto hata kama hakuna onyo. Akaniuliza, "Niwaambie majirani nini? Kwamba kaka yangu ameota?" Mume wake, shemeji Abubakari, akachukua simu akacheka, akasema nikifika nimletee betri za tochi.

Idrisa


Dar es Salaam, 29 Aprili 2025, saa tisa alasiri

Kaka Idrisa,

Umefika wapi? Nimekupigia, simu haipatikani.

Vitano vinasema. Kile cha juu ya Lukozi kimevuka mstari wa hatari sasa hivi, na wa huko wameshatumiwa ujumbe. Cha Kwemhongo kiko kimya, na kwa kuwa kiko kimya mfumo hauwezi kuwaonya watu wake. Haujui kwamba huko kunanyesha. Lakini ni wingu lilelile na milima ni ileile.

Naweza kuwatumia kwa mkono wangu. Lakini mwaka juzi onyo la bure lilileta msiba, na watu hawa siwajui, wala mahali penyewe sijawahi kupaona. Niambie, nitume au nisubiri ufike?

Mwanasha


Dar es Salaam, 29 Aprili 2025, saa kumi na moja jioni

Kaka,

Hujajibu, na mvua haijapungua hata kidogo. Nimetuma.

Kwenye mashine kulikuwa na ujumbe wa aina mbili, wa Kiswahili na wa Kishambaa. Namba inayotuma sasa ni ngeni, si ile ya chuo waliyoizoea. Namba ngeni ikiniamrisha jambo kwa Kiswahili, hata mimi ningefuta. Kwa hiyo nimewatumia wa Kishambaa. Maneno yake siyajui. Naomba Mungu uwe uliyaandika vizuri.

Mwanasha


Dar es Salaam, 30 Aprili 2025

Kaka Idrisa, niandikie japo neno moja.

Jana baada ya magharibi kipimo cha Lukozi nacho kilinyamaza. Bosi ameshajua nilichofanya. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Hilo si kitu. Niandikie tu.

Mwanasha


Lukozi, 3 Mei 2025

Mdogo wangu Mwanasha,

Niko hai. Nisamehe ukimya, huko juu hakukuwa na umeme, na mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa bado msituni ulipotuma, vijito vilivyofurika vimenizuia. Haya nimesimuliwa. Ujumbe ulipoingia kwenye simu, jirani yao Rahma alisema, "Matapeli hao, wale wa tuma kwa namba hii." Hadija akamjibu, "Tapeli gani anayejua Kishambaa?" Akachukua debe na mwiko, akapita mlango kwa mlango akilipiga. Watu walitoka kwa kununa. Wengine walisema ni yaleyale ya mwaka juzi, tunakwenda kulala na baridi bure. Lakini walitoka. Giza liliwakuta njiani kuelekea shuleni.

Baada ya sala ya isha mlima ulishuka. Wanasema haukuwa mlio kama wa radi. Ni kama mtu anayeburuta kabati kubwa, haachi. Nilifika alfajiri nikitokea juu, na nikadhani nimepotea njia. Upande wote wa nyumba ya dada yangu hakukuwa na nyumba. Palikuwa na udongo mwekundu na migomba imelala kichwa chini.

Watu wote walikuwa shuleni isipokuwa mmoja. Shemeji Abubakari aliwafikisha mkewe na watoto, akavua koti akamfunika mdogo, kisha akarudi na tochi. Ng'ombe wao alikuwa amezaa juzi yake, na ndama hakuweza kutembea matopeni. Hadija alimwambia aache. Akasema, "Nakwenda na kurudi."

Tulimpata jana. Tumemzika kwa heshima, alhamdulillahi.

Watu wa Kwemhongo wananiuliza namba ile ni ya nani. Nimewaambia ni ya mdogo wangu.

Idrisa


Tanga, 5 Mei 2025

Kaka Idrisa,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeisoma barua yako hapa kwa mama, na mama amelia kuliko mimi. Mimi bado sijaweza.

Naomba uniombee ruhusa kwa dada Hadija nije kumpa pole. Akikataa, nitaelewa.

Mwanasha


Lukozi, 12 Mei 2025

Mwanasha,

Hadija yuko kwenye eda, anakaa hapa Lukozi kwenye nyumba ya baba yetu, hatoki. Nimemfikishia ombi lako. Hajasema ndiyo wala hapana.

Nikupe habari za chuo kwanza. Mama Shamsa alirudi safari na kesho yake akapanda Kwemhongo kwa miguu, na mabuti ya mvua, akakaa na wafiwa kwenye mkeka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wakati wa kushuka akaniambia seva ya mvua itaingizwa kwenye orodha ya chuo, na kazini nitarudi, lakini kwanza nisaini kwamba nilikaidi amri na kusema uongo. Nitasaini. Ni kweli.

Sasa la Hadija. Ananiuliza habari za siku ile kila siku, na mimi sikumficha kitu, nimemsomea na barua zako. Jana akanisimamisha. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo saa tisa alikuwa ameshajua. Mbona ujumbe ulitufikia saa kumi na moja?"

Nilimwambia nitakuuliza wewe mwenyewe.

Idrisa


Tanga, 13 Mei 2025

Kaka Idrisa,

Msomee hili kama nilivyoliandika, usililainishe.

Dada Hadija, shikamoo. Saa tisa nilikuwa nimejua. Nilikaa mbele ya kompyuta na ujumbe ukiwa tayari. Nilimwandikia kaka yako huku nikijua simu yake haishiki. Nilimpigia bosi wangu, hakupokea, na moyoni nikashukuru kwamba hakupokea. Nilisimama, nikatembea chumbani, nikakaa tena. Mvua sikuwa na shaka nayo. Nilitaka mtu mwingine aseme "tuma," ili wakikimbia bure jina liwe lake, lisiwe langu. Nilituma pale nilipoona hakuna mtu mwingine atakayekuja.

Niliogopa. Sababu nyingine sina, na hii najua haitoshi.

Mwanasha


Lukozi, 16 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimemsomea, na sikulainisha.

Nilipomaliza akasema, "Saa tisa kulikuwa na mwanga. Abubakari angetoka na ng'ombe wake amemshika kamba, na ndama begani." Nakuandikia alivyosema, kwa sababu wewe uliomba nisilainishe, na kwa sababu ni kweli.

Niliinuka niondoke. Akaniita nirudi.

"Idrisa," akasema, "ule ujumbe niliusoma mara ulipoingia. Nilijua ni maneno yako. Nikaiweka simu kando nikamaliza kupukuchua maharage, ungo mzima. Nilisema moyoni, nikitoka kupiga kelele na mvua ikakatika, nitachekwa mpaka mwaka kesho. Abubakari alikuwa amekaa pale ananisaidia. Hilo sijamwambia mtu."

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Mwandikie aje," akasema. "Asilale hoteli huko mjini. Alale hapa na mimi."

Basi la kutoka Tanga linafika Lushoto mchana, ukipata Hiace ya mwanzo utakuwa Lukozi kabla ya alasiri. Njia imefunguliwa. Njoo na sweta nzito. Nitakuwa stendi nakusubiri.

Kaka yako,
Idrisa